Neno Nililolisikia Mugunga

Mdogo wangu Suna,

Leo nimemaliza kufua saa nane mchana, na nguvu ya kuanika sikuwa nayo. Nguo ziko kwenye beseni, zimekamuliwa tu. Dafroza aliponiona nimeegemea ukuta akasema, "Mama, kaa, nitaanika miye," basi nimekaa mlangoni na daftari lake la shule juu ya magoti. Tangu tukuzike, uchovu huu hauniachi. Ninalala nao, ninaamka nao. Mume wangu anasema ni malaria. Kule dispensari wanasema damu imepungua. Mimi ninajua ni nini, na ndiyo sababu ninakuandikia wewe, maana hapa Goma hakuna mwingine ambaye nikimtajia neno lile atajua ninasema nini.

Najua Kiswahili hukukisoma, ulikijua kwa mdomo tu. Nitaandika kama tulivyokuwa tukiongea jikoni, polepole.

Bwana Jef alikuleta baada ya vita vya kwenu Korea. Alikwenda kule na askari wenzake kutoka Ubelgiji, akarudi na mke, kisha akapata kazi ya kutengeneza makamyo hapa Goma, na nyumba ndogo karibu na kambi ya Katindo. Ulikuwa na mimba ya Remi. Masista walionifundisha kushona ndio walionituma kwako. Nilipofika nilikuta mwanamke mdogo kuliko nilivyofikiri, amesimama katikati ya sebule kama mtu anayesubiri kuambiwa akae. Madamu wa Kizungu hawakuwa wakikualika. Watu wangu wa mtaa wa Murara hawakujua wakuite nani. Kifaransa ulikuwa na maneno labda kumi. Bwana Jef alikuwa na Kiswahili cha gereji. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kikawa lugha ya nyumba ile, nyumba ambayo ndani yake hakuna aliyezaliwa nacho isipokuwa mimi, na hata mimi nyumbani kwa baba yangu kule Rutshuru tulisema Kinyarwanda.

Unakumbuka yale maziwa? Ilikuwa wiki ya kwanza. Yalikuwa yanafurika na mikono yangu imejaa unga, nikaita, "Madamu, kuya! Kuya mbio!" Nawe ukajibu kutoka chumbani, "Naenda!" Nikasikia visigino vyako. Nikajiambia, huyu naye, ninamwita aje, ananiambia anaenda zake. Maziwa yakamwagika yote juu ya jiko, na wakati huohuo ukatokea mlangoni, umekuja kweli, unahema.

"Umesema unaenda," nikakuambia.

"Ndiyo. Naenda. Mimi hapa sasa."

"Hapana, Madamu. Ukiitwa, unasema nakuya."

Ulikunja uso. Ulichukua kipande cha kaa ukachora sakafuni, duara moja lako, duara moja langu. Ukaweka kidole kwenye lako. "Mimi hapa. Mimi toka hapa. Hapa nyuma, mimi mbele. Naenda!" Kwenu, ulinieleza baadaye Kiswahili kilipokua, mtu hawezi kusema anakuja mahali ambapo bado hayupo. Anayekuja ni yule anayefika nilipo mimi. Mimi nikitoka nilipo ninaenda tu, hata kama ninaenda kwako. Nami nikakuambia kwetu aliyeniita ndiye mwenye mahali. Nikijibu nakuya, nimeshajiweka kwake kabla mguu haujatoka. Tulibishana mpaka maziwa yakaganda juu ya jiko. Ukacheka ukifunika mdomo kwa mkono. Siku ile ndiyo niliyokuona ukicheka mara ya kwanza.

Na siku uliyolia je? Ulikuwa unatafuta sindano. Nikakuambia, "Iko hapo." Ukaipata karibu na goti lako. Kisha mkasi: "Uko pale." Ukaupata dirishani. Ukasimama na mkasi mkononi, ukauliza, "Hapa, mimi. Hapo, weye. Pale, mbali. Tatu?" Nikasema ndiyo, tatu. Ukaanza kusema haraka haraka hapa, hapo, pale ya kwenu, "Yogi, kogi, chogi! Yogi, kogi, chogi!" na machozi yakitoka. Nilidhani umejichoma. Kumbe ulikuwa umechoka na lugha ya mume wako, ambamo vitu vilivyo karibu na mtu unayesema naye havina mahali pao. Ulisema tangu uondoke kwenu hakuna aliyewahi kukuambia hapo. Sikuwa nimewahi kulifikiria neno lile hata siku moja.

Remi alipozaliwa ulimfunga mgongoni kwa kitambaa kirefu, ukazungusha mara mbili kifuani. Tulikwenda naye hivyo kanisani na madamu wakageuka kutazama. Wanawake wa Murara waliokaa nyuma walipiga vigelegele kabla hata ya misa kuanza. Ulisema neno lake ni opta, kumbeba mtoto mgongoni, na kwamba halibebi kitu kingine. Ndoo ya kichwani ina neno lake, mzigo wa mgongoni una lake. Kiswahili changu kiliponiishia pale pale kwenye kubeba, nikakuambia Kinyarwanda chetu nacho kina guheka, na hakuna anayeheka kuni. Ukanitazama kama mtu aliyekutana na jirani wa kijijini kwao katika soko la mbali. Tangu siku hiyo uliacha kuniita Mama Dafroza. Uliniita onni, dada mkubwa, nami nikakufundisha kwamba hapa Goma ndugu mkubwa tunamwita yaya. Madamu niliacha kulisema tukiwa peke yetu. Ukawa mdogo wangu.

Kuna siku pete yako ilikukwama, uliifanyia sabuni mpaka kidole kikawa chekundu. Ukaniambia pete kidoleni na kizibo kwenye chupa kwenu ni neno moja, kida, kitu kinachoingia kikabana. Tofaa kwenye kikapu si kida, lile limetiwa tu, linagongagonga. Kisha ukasema bila kuniangalia, "Yaya, mimi Goma hapana kida. Mimi ndani ya kikapu." Nilichukua kidole chako nikaendelea kupaka sabuni.

Remi alipoanza kutembea, alipanda kila kitu: ukuta wa baraza, pipa la maji, mti wa mpera nyuma ya jiko. Ukawa unamfokea siku nzima kwa lugha yako, nami nikajifunza kwa kusikia. Akiwa juu ya ukuta na wewe uko chini, ulimwambia neryowa, shuka uje huku nilipo. Mkiwa wote juu barazani na unataka ashuke uani, ulisema neryoga, shuka uende. Kupanda hivyo hivyo. Ollawa, panda uje, maana wewe uko juu. Ollaga, panda uende, maana wewe umebaki chini. Kiswahili chetu kinasema panda, basi, na anayesema anaweza kuwa juu au chini, ni shauri lake.

Wewe uliligeuza kuwa mchezo. Nikiwa napiga pasi, uso ukutani, ulimpigia Remi kelele kutoka mahali usipoonekana, kisha ukaniuliza, "Yaya! Mimi wapi?"

"Uko juu, barazani."

"Na sasa?"

"Uko chini, kwenye mpera."

Miezi ya mwisho sikukosea hata mara moja. Ulinipigia makofi. Bwana Jef alikuwa akipita na magazeti yake, akatikisa kichwa, akasema sisi ni wanawake wawili wenye wazimu.

Sasa nifike Mugunga. Nimezunguka vya kutosha, mkono umeanza kuuma.

Ulipenda kwenda kule kwa sababu ya majani. Yale machanga, yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, yanayoota katikati ya mawe meusi ya volkano. Kwenu mnayachemsha, mnayaanika, mnayala. Siku ile Bwana Jef alikuwa anakwenda Sake kutengeneza kamyo iliyoharibika, akatushusha njiani asubuhi, mimi, wewe na Remi, akasema atatuchukua saa sita. Kulikuwa na baridi na hakuna upepo hata kidogo. Hilo ndilo ningepaswa kulifikiria.

Nilikuwa nimekuambia habari za mazuku. Sema kweli, Mama Dafroza: nilikuambia mara moja tu, tena nikicheka. Nilikuambia katika mashimo ya kule kuna pumzi mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, upepo usipokuwepo inalala chini kama maji, na mbuzi akishuka hapandi tena. Ulifikiri ni hadithi ya mizimu. Uliniuliza kama ina nywele ndefu. Nikacheka nawe. Ningeweza kukuambia kwamba kaka yangu Anastazi alishuka kumtoa mbuzi wetu katika shimo kama lile, na baba yangu mdogo akashuka kumtoa Anastazi, na jioni tukawa na maiti wawili uani. Sikukuambia. Ulikuwa na huzuni zako nyingi, nami niliona si vizuri kukuongezea zangu.

Mlikwenda upande wa majani, mimi nikaenda upande wa kuni. Kati yetu kulikuwa na vichaka, virefu kuliko mtu. Nilikuwa ninafunga mzigo wangu niliposikia sauti yako.

"Remi-ya! Ollaga! Ollaga!"

Nilisikia mara mbili. Ya pili ilikuwa nzito, kama ya mlevi. Na mdogo wangu, sikuwa na haja ya kukuona. Hukusema ollawa. Ulisema ollaga. Ulikuwa chini, katika shimo. Ulikuwa umeinama kuchuma, umeivuta ile pumzi mbaya, umejua, na mtoto alikuwa anakufuata kwenye mteremko. Ulimwambia apande aende, wewe ukibaki. Nililijua lote hilo kwa neno moja, haraka kuliko ninavyoliandika.

Nikasimama palepale, sikwenda.

Watu wangeweza kuniuliza kwa nini, lakini hakuna aliyeuliza, kwa hiyo sijawahi kujibu. Nilimwona Anastazi. Nilimwona baba yangu mdogo akivua koti lake, akisema "namtoa sasa hivi." Miguu yangu ilikataa. Sijui ni muda gani, labda wa kusema Baba Yetu mpaka kwenye mkate wa kila siku. Kisha vichaka vikacheza na Remi akatoka, mweupe, ananyoosha mikono. Nikamtupa mgongoni nikakimbia. Sikukimbilia kwako. Nilikimbilia barabarani.

Kulikuwa na wanaume wawili wanaochoma makaa, muzee mmoja na mkwe wake. Nikapiga kelele kwamba Madamu amepotea. Muzee akauliza, "Iko wapi?"

Nikasema, "Sijui."

Suna, nilisema sijui. Niliogopa kwamba nikisema ninajua, wataniambia niwaongoze, na nikiwaongoza, watanitazama nishuke. Wakaenda kutafuta upande wa ziwa, wanaita, "Madamu! Madamu!" Nilikaa juu ya jiwe na mtoto wako mgongoni, naye alikuwa anapiga shingo yangu kwa ngumi ndogo, anasema omma, omma, mama, anakuita. Nadhani yeye ndiye aliyenisimamisha. Niliwafuata, nikawashika nguo, nikasema, "Si huko. Kule. Kwenye shimo." Yule mkwe alifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi akaizuia, akashuka. Alikutoa. Kitambaa chako kilikuwa bado kimejaa majani.

Muzee alikufumba macho. Akanigeukia, akaniambia kwa upole, "Mama, hapana kujilaumu. Hungejua iko wapi. Na kama ungeshuka, tungetoa watu wawili." Watu wote wamerudia maneno hayo. Masista, mume wangu, majirani wa Murara waliokuja kwenye mazishi wengi kuliko Wazungu. Maskini, hakujua. Wananiletea uji, wananishika mkono, wanasema hakujua, nami ninainamisha kichwa. Labda hata ningeshuka palepale ungekuwa umekwisha kufa. Najua jinsi mazuku inavyofanya haraka. Ninajiambia hivyo kila siku na kila siku ninachoka zaidi.

Nilikaa na Remi miezi mitatu, kwa sababu Bwana Jef hakuweza kumshika. Kisha akaamua kurudi kwao. Siku ya kufunga masanduku alinikuta chumbani ninakunja nguo zako. Akakaa juu ya sanduku. Amezeeka, Suna, ungemwona.

Akauliza, "Mama Dafroza, siku ile hakusema kitu? Alikwenda kimya?"

Ningeweza kusema ndiyo, kimya. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema hivyo.

"Alisema, Bwana. Alimwambia Remi ollaga."

"Panda."

"Panda uende. Angekuwa juu angesema ollawa."

Niliona analipeleka neno lile kichwani, analigeuza. Kisha akaniangalia, nami nikajua amefika.

"Weye ulielewa?"

"Nilielewa, Bwana. Nilijua yuko wapi. Niliogopa. Na barabarani nikasema sijui."

Nilingoja anipige. Nilingoja aniite jina lolote. Nilikuwa tayari, na nadhani nilikuwa ninataka. Yeye aliangalia nguo zako mikononi mwangu, akasema taratibu, "Miaka yote hiyo, mimi sikujifunza tofauti yake. Ningesikia mimi, ningefikiri ananiita juu." Akafunika uso. Halafu akaniomba nimfundishe yale maneno manne, ya kupanda na ya kushuka. Aliyaandika kwenye karatasi ya sigara. Alisema Remi akiwa mkubwa atamwambia mama yake alisema nini, na maana yake.

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba. Asubuhi yake alinipa mkono, akampandisha mtoto kwenye gari, wakaondoka. Remi alikuwa ameshaanza kuninyamazia, kama watoto wanavyofanya wanapojua safari ipo.

Imekuja barua moja. Ni ya Kifaransa, Sista alinisomea. Bwana Jef anasema mtoto ni mzima, anakua, na hasemi tena neno hata moja la kwenu. Ananiuliza kama kaburi lako linatunzwa. Linatunzwa. Ninapalilia kila mwezi, hata mwezi ambao siwezi kusimama vizuri.

Mume wangu nilimwambia mwezi uliopita. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akasema, "Twende unionyeshe." Tulikwenda Mugunga kwa miguu. Alizunguka lile shimo lote, kisha akaokota jiwe akaliweka ukingoni, akaokota la pili. Sasa tunakwenda kila Jumapili baada ya misa kulizungushia ukuta, asishuke tena mtu wala mbuzi. Yule muzee wa makaa na mkwe wake wanatusaidia wakiwepo. Hawajaniuliza kwa nini ninalia nikibeba. Mawe yale yanakata mikono, ndiyo maana mwandiko wangu ni mbaya hivi, unisamehe kwa hilo.

Pumzika, mdogo wangu. Sina zawadi ya kukutumia wala maneno mazuri ya kukuaga. Ukuta umenifika kiunoni pande zote, isipokuwa upande mmoja ulio wazi, ule ulioshukia wewe. Kila Jumapili nimekuwa nikiupita kwa mbali, nikisema nitamwachia mume wangu. Kesho kutwa nitaanzia hapo.

Ni mimi yaya wako,
Mama Dafroza wa Murara